Kuleta Bahari Mwisho wa Reli

Mgeni akifika Kigoma siku ya upepo, akasimama Bangwe na kuona mawimbi yanavyoyapiga mawe, ataliita Ziwa Tanganyika bahari, na wenyeji hatuoni haja ya kumsahihisha. Kuna siku milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, na kuna siku kumefungwa weupe mtupu. Kina kinafika mita 1,470. Hata wasomi liliwachanganya. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona humu konyeza, kiumbe mlaini wa utelezi anayeelea, ambaye watu wa Ulaya walimjua kwa bahari. Mwishoni mwa karne hiyo Mwingereza J. E. S. Moore alikuja mara mbili, akakusanya konokono, akaona magamba yao yanafanana mno na ya konokono wa baharini, akashikilia kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki bara. Haikuwa hivyo. Konokono wale walipata maumbo yao humu humu ziwani, katika mamilioni ya miaka ya kuishi kwenye maji mapana yenye mawimbi, pamoja na kaa wa kuwavunja magamba.

Namtaja Moore kwa sababu nilipotangaza kwamba nataka kuweka tangi la maji chumvi sebuleni, wafugaji wenzangu wa samaki wa mapambo waliniambia maneno ya ukoo mmoja na yake: ninyi wa Tanganyika mmeshafika nusu ya njia. Kuna ukweli ndani yake, tena mkubwa. Ninachotaka kuonyesha hapa ni mahali ukweli huo unapoishia, maana mtu wa Kigoma asipopaona atapoteza pesa na kuua viumbe.

Nianze na ilipo nusu yenyewe. Mfugaji aliyelelewa na samaki wa Amazon amezoea maji laini, yenye pH (kipimo cha asidi ya maji) ya 6 au 7. Sisi maji yetu yanakaribia 9. Tofauti hiyo inagusa uhai moja kwa moja, kwa sababu ya amonia. Amonia inayotoka kwenye mwili wa samaki na mabaki ya chakula huwa majini kwa sura mbili, moja yenye madhara madogo na nyingine inayounguza mashavu ya samaki mpaka afe. Kwa joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7, ile inayoua haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 9 inapita theluthi. Bahari iko kati, kwenye 8.2 hivi, na huko sehemu yenye sumu ni kama asilimia 8. Kwa hiyo mtu aliyemlea samaki wetu Tropheus duboisi tangu akiwa mweusi mwenye madoa meupe hadi akapata mkanda wake wa utu uzima, ameshafuga mahali pagumu kuliko bahari kwa jambo hili. Mkono wake umeshazoea kulisha kidogo, kupima mara kwa mara, na kutoliamini tangi jipya.

Mawe pia tunayajua. Julidochromis regani hawezi kutulia bila nyufa za kujificha, na mwenye kuwafuga amejifunza kuyapanga mawe juu ya kioo cha chini chenyewe, mchanga ukifuata baadaye, ili samaki anayechimba asije akaliangusha jabali. Baharini mpango ni huo huo. Na ubabe wa maeneo, kila samaki na kona yake, tumeukuta kwa samaki wetu kabla hatujawahi kuusoma popote.

Halafu inakuja chumvi.

Maji ya ziwa letu yana chumvi za kila aina zinazofikia kama gramu 0.6 kwa lita. Bahari ina gramu 35 kwa kilo moja ya maji, zaidi ya mara hamsini. Tofauti hiyo inageuza mwili mzima wa samaki. Samaki wa ziwani ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji yaliyomzunguka, kwa hiyo maji humwingia bila kukoma kupitia mashavu. Hana haja ya kunywa, kazi yake ni kukojoa mkojo mwingi mwepesi. Wa baharini yuko kinyume kabisa. Maji yanamtoka saa zote, naye hunywa maji ya bahari, kisha seli maalumu kwenye mashavu yake zinasukuma chumvi ya ziada nje. Samaki huyu anaweza kuuawa na kiu akiwa majini. Ndiyo maana kiwango cha chumvi hakipaswi kupanda na kushuka ovyo, na ndiyo maana kifaa cha kwanza nilichonunua, kabla ya taa na kabla ya pampu, ni refraktomita ya kupimia chumvi. Kale kapimo ka plastiki kenye mshale nimekaona kakidanganya mno. Kiputo kimoja cha hewa kikikashika, kipimo chote ni uongo.

Baba yangu mdogo, aliyevua migebuka kwa taa za karabai kutoka Katonga enzi zake, alinisikiliza nikieleza haya yote, kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote wa mkoa huu angeuliza.

"Mwanangu, chumvi si ipo Uvinza? Unaagiza ya nini kutoka mbali?"

"Ipo baba mdogo, tena nzuri. Tatizo ni huo uzuri wake."

Chemchemi za Uvinza, pale mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, zimechemshiwa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,400. Wanaakiolojia wamechimba pale na kukuta mabaki ya majiko ya kale. Ni chumvi ya kujivunia. Lakini chumvi ya mezani, ya Uvinza au ya kwingine, karibu yote ni kloridi ya sodiamu, na huongezwa madini joto kwa ajili ya afya zetu. Bahari si kloridi ya sodiamu peke yake. Katika zile gramu 35, sodiamu na kloridi zinachukua kama 30. Zinazobaki ni salfeti gramu 2.7, magneziamu 1.3, kalsiamu 0.4, potasiamu 0.4, na vingine vidogo vidogo. Humo kwenye hizo gramu tano za mwisho ndimo matumbawe yanamopata mifupa, konokono magamba, na maji uwezo wa kushikilia pH yake. Ukimimina kilo nane za chumvi ya jikoni kwenye tangi, refraktomita itakupongeza na kila kiumbe atakufa.

Habari njema ni kwamba kazi ya kuichambua bahari ilishafanywa na waliotutangulia. Miaka ya 1850 watu wa London walishikwa na hamu ya kufuga viumbe wa bahari majumbani, nao pia walikuwa mbali na pwani, maji yao yakisafirishwa kwa gharama. Philip Henry Gosse, mmoja wa walioieneza hamu hiyo, alichanganya mwaka 1854 maji ya bahari ya kutengeneza kwa chumvi nne, akaweka humo mwani na viumbe, vikaishi. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1884, mkemia William Dittmar alitoa matokeo ya sampuli 77 zilizokusanywa na meli Challenger iliyozunguka dunia kati ya 1872 na 1876. Alionyesha kwamba maji yakiwa na chumvi nyingi au kidogo, ya bahari hii au ile, uwiano wa chumvi kuu kati yake haubadiliki. Kila ninaposhika refraktomita namshukuru Dittmar. Kwa sababu ya uwiano huo, kipimo kimoja kinatosha kuniambia habari za madini yote makuu, ilimradi chumvi niliyoanza nayo ilichanganywa kwa uwiano huo.

Basi niliagiza chumvi ya bahari iliyokwisha kuchanganywa. Kuna aliyenishauri nipakie maji ya bahari yenyewe Dar es Salaam. Piga hesabu: tangi langu linabeba lita 220 za maji, na maji ya bahari ya kiasi hicho yana uzito wa zaidi ya kilo 225. Chumvi kavu ya kuyatengeneza ni kilo nane. Ilikuja kwa treni, ndani ya ndoo yenye mfuniko, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200, ikafika kavu. Ufunge mfuniko huo vizuri, maana unyevu wa masika ukiingia, chumvi hiyo hugeuka jiwe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijaona mtu akiliandikia watu wa huku, nalo ndilo lililonifanya nikae kuandika. Maji ya bomba ya Kigoma hutoka ziwani. Kwa samaki wetu hii ni neema isiyo na mfano: unafungua koki, unaacha klorini iondoke, na maji waliyozaliwa nayo samaki wako ndiyo hayo. Wafugaji wa Ulaya wananunua unga wa madini kuyaiga. Lakini maji haya yana kabonati nyingi sana. Kwa kipimo cha dKH yanasoma kati ya 16 na 19, wakati bahari inasoma 7 au 8. Ukikorogea chumvi ya bahari ndani ya maji ya Tanganyika unajumlisha kabonati ya ziwa na kabonati iliyomo kwenye chumvi, na sehemu ya kalsiamu uliyoigharimia inashikana nayo na kutulia chini ikiwa unga mweupe. Maji yanabaki na chumvi, yanapungukiwa kalsiamu. Yale yale yanayomfanya Tropheus astawi ndiyo yanayoharibu bahari. Nusu ya njia inaishia hapa.

Lazima uanze na maji matupu, yasiyo na kitu. Mvua ndiyo ya kwanza kuifikiria, na Kigoma Mungu ametupa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Ila usikinge kwenye bati. Mabati hupakwa zinki ili yasishike kutu, na zinki hiyo hutiririka kidogo kidogo na maji. Samaki mkubwa anaweza kuvumilia, konokono na kamba hawavumilii. Mimi hukinga kwa turubai safi la plastiki lililofungwa kwenye nguzo nne uani, baada ya mvua za kwanza kuosha vumbi na moshi wa kiangazi. Kwa miezi mikavu nimefunga chujio la utando linalosukuma maji ya bomba kwa presha na kuyaacha madini nje. Chujio hili lina ulafi: kwa lita moja safi linatupa lita mbili tatu zenye madini mengi zaidi. Hizo hazipotei nyumbani kwetu, zinafulia na kudekia. Presha ya bomba ikiwa ndogo halifanyi kazi vizuri, kwa hiyo ninalifungulia usiku wa manane.

Kukoroga kwenyewe kuna utaratibu. Maji yanatangulia kwenye pipa la plastiki, chumvi inafuata kidogo kidogo huku pampu ikizungusha. Ukianza na chumvi kisha ukamimina maji juu, pale chini inakuwa kali kupita kiasi na kalsiamu inaganda. Liache pipa lizunguke mpaka asubuhi, upime, ndipo utumie.

Kuhusu tangi nitapita haraka. Kioo ni kioo. Fundi wa vioo aliyekutengenezea tangi la ziwani atakutengenezea na hili, kwa silikoni ile ile isiyo na dawa ya kuvu. Kinachobadilika ni kila kitu chenye chuma. Maji chumvi hurusha matone, matone yakikauka huacha ganda jeupe linalotambaa juu ya kingo, waya na taa, na chuma chochote chini yake kinaliwa. Fundi vyuma wa Mwanga, hapa hapa Kigoma, alikuwa tayari kunichomelea kifuniko na fremu kama zile za matangi ya zamani. Nikamwomba meza peke yake, apake rangi mara tatu, na kifuniko nikatengeneza kwa plastiki. Waya wa umeme uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia ukutani, ili tone la maji chumvi linalofuata waya lidondoke sakafuni lisifike kwenye umeme. Hili naomba lisipuuzwe na yeyote mwenye watoto ndani ya nyumba.

Hewa ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko vyote, nami nitakaa nayo kidogo. Maji baridi ya nyuzi 25, usawa wa pwani, hubeba oksijeni kama miligramu 8 kwa lita. Yakiwa ya bahari, kwa joto hilo hilo, hubeba chini ya 7, kwa sababu chumvi inaichukulia nafasi. Sasa panda Kigoma. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina mgandamizo pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi. Tangi la bahari lililoko Mwanga linabaki na miligramu kama 6. Samaki anayetoka kwenye mwamba wa Pwani, ambako wimbi linavunjika usiku na mchana, anahamishiwa kwenye maji yaliyopunguziwa pumzi na chumvi, kisha na mwinuko.

Dawa yake ni mwendo. Kwenye matangi yangu ya ziwani chujio linalozungusha maji yote mara nne au tano kwa saa lilitosha. Hapa nimeweka pampu za kuzungusha mara kumi hadi ishirini, zikielekezwa juu ili uso wa maji uvunjike saa zote. Ipo pia skima, chombo ambacho wafugaji wa maji baridi hatukijui. Inasaga hewa kuwa viputo vidogo sana ndani ya bomba. Kwenye maji chumvi viputo hivyo hubaki vidogo bila kuungana, uchafu wenye protini unanata juu yake, povu linapanda na kumwagikia kikombeni likiwa la rangi ya chai. Kwenye maji baridi viputo huungana kuwa vikubwa na povu halisimami. Skima inatoa uchafu kabla haujaoza kuwa amonia, na wakati huo huo inatia hewa. Ukiwa na pesa ya kifaa kimoja tu cha ziada, nunua hicho, taa za bei mbaya zisubiri.

Na umeme hukatika. Umeme wetu siku hizi ni afadhali kuliko enzi za majenereta ya dizeli, lakini hukatika, na kwa tangi la namna hii saa chache za maji kusimama zinatosha kuua. Nimefunga betri ya sola ya volti 12, ampea-saa 100, na pampu moja ya wati 15 inayotumia umeme wa betri moja kwa moja. Hiyo inaweza kwenda usiku kucha na kutwa nzima ikabaki na akiba. Skima, taa na mengine yote yazimike, hakuna neno. Mwendo wa uso wa maji usisimame. Ningemshauri mtu aahirishe samaki kuliko kuahirisha betri.

Baada ya hapo kazi ni kungoja. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, nawajua tangu nilipoanza kufuga, lakini wengi wa wale waliomo kwenye machujio yangu ya zamani hawahimili kuhamishwa ghafla kwenye gramu 35 za chumvi. Inabidi wa bahari wakue upya. Niliweka mawe makavu ya chokaa, yale ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu huko Pwani kwa ujenzi. Yana matundu mengi na ndani ya matundu ndimo bakteria wanamokaa. Mawe ya ziwani ni mazito, yamebana, hayana makazi ya ndani. Nikaloweka, nikasugua, nikaloweka tena. Kisha kipande cha nyama ya kamba kikaozea ndani ya tangi kutoa amonia, na vipimo vya matone vikafuata. Hesabu wiki nne hadi sita, na usiipunguze. Katikati yake mawe na mchanga hufunikwa na utando wa kahawia. Mfugaji wa Tropheus anaupenda utando, maana ni chakula. Wa bahari hushtuka akataka kumwaga maji yote. Uache. Unakula kilichomo, kikiisha unapungua wenyewe.

Samaki sasa. Hapa mazoea yetu yanapindua meli. Tropheus tunawaweka wengi makusudi ili ugomvi ugawanyike na asiwepo mmoja wa kuonewa, halafu tunabadilisha theluthi ya maji kila wiki, maana maji ni ya koki. Tangi la bahari la lita 220 liwe na samaki wanne watano wadogo, basi. Maji unabadilisha asilimia kumi, na kila lita umeinunua. Ninayotoa siyamwagi kwenye mchicha, yanakwenda kwenye karo.

Kitatange mwenye mistari, anayependwa na kila mtu aliyewahi kuchungulia mwamba wa Mafia au Mnemba, nimemkataa: wengi wa jamii yake hula matumbawe hai, na ndani ya tangi hufa njaa huku chakula kikipita mbele yake. Kangaja anahitaji tangi refu mara kadhaa ya langu ili aogelee. Nimechagua jozi ya Amphiprion allardi, samaki wa anemoni wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, wa kahawia iliyoiva wenye mikanda miwili myeupe na rangi ya machungwa kifuani. Ni wagumu, wanakula haraka, wanaishi vizuri hata bila anemoni, yule kiumbe mlaini wa mwambani wanayejificha kwake. Nimewapenda pia kwa tabia. Wote huanza wakiwa madume. Mkubwa kuliko wote hugeuka jike, na jike likifa dume lake hugeuka kushika nafasi yake. Dume ndilo linalolinda mayai juu ya jiwe, likiyapepea na kung'oa yaliyoharibika. Kwa mtu aliyezoea kumtazama Lamprologus ocellatus akilinda gamba lake la konokono, ni furaha kumwona mzazi mwingine wa aina hiyo kutoka maji mengine kabisa.

Walikuja kwa ndege kutoka kwa muuzaji mwenye kibali, kila mmoja kwenye mfuko wake, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, ndani ya boksi la povu. Watu wa Kigoma wanaosafirisha samaki wa ziwani nje ya nchi wanaijua kazi hii vizuri, na kwao nilijifunza la muhimu. Ndani ya mfuko uliofungwa muda mrefu samaki hutoa hewa ya kaboni, pH inashuka, na amonia inabaki kwenye sura yake isiyoua. Ukifungua mfuko hewa hiyo inatoroka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu dakika hiyo. Kwa safari ndefu usikae kudondosha matone kwa saa nzima ukidhani unamzoesha. Nilimwomba muuzaji kipimo chake cha chumvi mapema, nikayaandaa maji ya karantini kwa kipimo hicho hicho, nikasawazisha joto huku mfuko ukiwa umefungwa, nikawatoa mara moja.

Karantini ni wiki nne hadi sita, kwenye tangi dogo lisilo na mawe. Ugonjwa wa madoa meupe wa baharini unaletwa na kimelea tofauti na kile cha maji baridi, na chumvi tunayotumia kutibu samaki wa ziwani huku ni hali ya kawaida. Dawa ya shaba inamuua, lakini shaba inaua pia konokono na kamba, na hunywewa na mawe ya chokaa kisha ikarudi kutoka. Kwa hiyo tangi lililowahi kutiwa shaba siligeuzi kuwa tangi kuu la bahari. Jambo lililonivutia ni dawa ya minyoo ya ngozi: sisi huwaogesha samaki wetu kwenye chumvi, wenzetu wa bahari huwaogesha wao kwa dakika chache kwenye maji baridi yaliyosawazishwa joto na pH. Kila upande unamtisha mdudu kwa maji ya upande wa pili.

Watu wanaoliona tangi huuliza matumbawe yako wapi. Hayapo, na sitanunua yaliyovunjwa mwambani. Biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES, na Tanzania ina sheria ya hifadhi za bahari tangu 1994, Mafia ikiwa hifadhi ya kwanza mwaka uliofuata. Lakini hata sheria isingekuwepo nisingefanya. Pwani ilivumilia baruti za wavuvi kwa miongo mingi, na mwamba uliopasuliwa hauponi upesi. Sisi wa Kigoma tumeona ziwa likifungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei 2024 ili samaki wazaliane, na tumeona mikono ya watu wa Kibirizi ikikaa bila dagaa wa kuanika. Tunajua gharama ya kuyapumzisha maji. Mtu anayejua hivyo akilipa ili kipande cha mwamba hai king'olewe na kuletwa sebuleni kwake, mimi sitamwelewa. Anemoni pia nimemwacha alipo. Huishi miaka mingi sana, na tangi changa huwaua wengi.

Kazi ya kila siku iliyobaki ni kurudishia maji yanayopotea hewani. Kiangazi, upepo wa Julai ukipita madirishani, zinaondoka kama lita mbili kwa siku. Yanayoondoka ni maji, chumvi inabaki. Siku tano bila kurudishia, gramu 35 zimekuwa karibu 37. Kwa hiyo ninachoongeza ni maji matupu, kamwe si ya chumvi, na kwenye kioo nimechora alama kwa kalamu ya wino mzito ili hata nikisafiri mtoto wa dada yangu aweze kujaza bila kuhesabu.

Jozi sasa imechagua jiwe na inalisafisha kwa midomo, dalili ninayoitambua kutoka kwa samaki wa ziwani. Mayai yakija nitakabiliwa na mpaka mwingine. Watoto wa samaki wetu wa Tanganyika humaliza kiini cha yai wakiwa wakubwa kiasi cha kumeza chakula kilichosagwa. Wa samaki wa anemoni huanguliwa usiku, baada ya siku saba hadi kumi hivi, wakiwa wadogo sana, na chakula chao cha kwanza ni rotifa hai, vijidudu vidogo mno vya majini, ambao nao hulishwa mwani wa kijani usioonekana kwa jicho. Mwani nimeuanzisha. Rotifa wa maji chumvi sina. Mwenye nao Dar au Unguja, akiweza kuwatia kwenye chupa ya lita moja, nusu maji nusu hewa, na kuwapandisha basi la Kigoma, nauli na gharama zote ni juu yangu, na kizazi cha kwanza kikikua nitampelekea jozi.